Vyuoni Hakuna Mungu? Tunakataa!



Wapendwa waamini, liko neno lililozoeleka mno midomoni mwa watu wetu, tangu milima ya Umatengo hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, na juma hili tumeona si vema kulipita kimya. Neno lenyewe ni hili: “Chuo kimemharibu mtoto. Huko vyuoni hakuna Mungu.” Husemwa katika jumuiya ndogondogo, husemwa misibani, husemwa nje ya kanisa baada ya Misa, na husemwa zaidi vijana wetu wanapokuwa likizoni. Tunalijibu waziwazi: neno hilo si kweli, na zaidi ya kutokuwa kweli, linadhuru.

Hebu tuutazame ushahidi unaotolewa. Kijana amerudi Mbamba Bay amevaa suruali ya kubana. Binti amerudi Mbinga na hakwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Mwingine ameuliza katika jumuiya swali ambalo mwenyekiti hakuweza kulijibu. Basi, hukumu imekwisha kutolewa! Kwa kipimo hicho, imani ni vazi, ni sauti, tena ni kutouliza. Lakini Bwana wetu, anapoeleza hukumu ya mwisho katika Injili ya Mathayo sura ya 25, haulizi hata mara moja kuhusu mtindo wa vazi wala kwaya. Anauliza kuhusu mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, mgonjwa na mfungwa. Na wale wenye haki wanashangaa, kwa maana hawakujua kwamba walikuwa wakimhudumia Yeye.

Hatusemi kwamba vyuoni kila kitu ni chema. Wapo vijana wanaoacha Sakramenti katika muhula wa kwanza. Wapo wanaokunywa fedha za ada. Upo uovu wa kudai mwili wa binti kwa ahadi ya alama za mtihani, uovu ambao Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inautaja kuwa ni kosa la jinai. Haya yote tunayajua. Lakini tunauliza: dhambi ikiwapo mahali, ndiyo ushahidi kwamba Mungu hayupo mahali hapo? Kama ni hivyo, tuondoke pia sokoni, tuondoke mashambani, na hata majumbani mwetu tuhame.

Tena wanaosema hivyo wamesahau namna imani ilivyotufikia. Wamisionari Wabenediktini walipofika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899, hawakujenga makanisa peke yake. Walijenga na shule. Katika vijiji vingi jengo lilikuwa moja: siku za kazi shule, Jumapili mahali pa sala. Aliyefundisha herufi ndiye aliyefundisha ishara ya msalaba. Babu zetu wengi walijifunza kusoma na kusali kutoka kwa mwalimu yule yule, mtu wa kawaida, mlei, mwenye mke na shamba. Na maaskofu wetu wa Tanzania, walipoanzisha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kule Mwanza mwaka 1998, hawakuwa wanafungua mlango wa upotevu. Kanisa halijawahi kuiogopa elimu. Itakuwaje basi wajukuu wa walimu wale waambiwe kwamba darasa ni adui wa altare?

Sasa mtu atauliza: imani hiyo ya vyuoni inaonekana wapi? Tunajibu: inaonekana mahali ambapo wengi hawatazami. Wengi hutazama mikutano mikubwa na vipaza sauti. Lakini mkulima wa ngoro anajua jambo moja. Majani yaliyofyekwa hupangwa miraba miraba juu ya mteremko, kisha hufunikwa udongo, na hayaonekani tena. Mpita njia huona udongo na maharage tu. Yanayorutubisha yako chini.

Vyuoni nako ni hivyo hivyo. Yuko mama anayepika kando ya lango la chuo, ambaye anajua mwanafunzi gani fedha yake ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, ile wanayoiita bumu, haijaingia. Humwekea sahani, huandika deni katika daftari, na mara nyingine huufuta mstari huo bila kumwambia mtu. Yuko mfagizi anayeokota simu bwenini na kuipeleka ofisini, ingawa mshahara wake wa mwezi haununui simu ile. Yuko mlinzi wa usiku anayemsindikiza binti kutoka maktaba hadi mlango wa bweni, asitake malipo wala mazoea. Yuko mwanafunzi anayelala chini wiki tatu ili mwenzake asiye na chumba apate kitanda. Yuko anayeketi mtihanini, jirani yake amefunua vikaratasi vya majibu, naye anaandika kile tu anachokijua. Yuko binti aliyekataa kulipa kwa mwili wake, akafelishwa, akarudia somo mwaka uliofuata huku kwao wakimwita mzembe.

Wapendwa, hayo ndiyo tuliyoyaita kutokuwako kwa Mungu? Wapo kati ya watu hao Waanglikana, wapo Walutheri, na wapo hata wasio Wakristo, ambao matendo yao yanatukumbusha yule Msamaria aliyesimama njiani wakati kuhani na Mlawi walipita. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, ulifundisha kwamba wito wa utakatifu ni wa wote, katika kila hali na kila kazi. Na Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake Gaudete et Exsultate wa mwaka 2018, aliwataka waamini wautambue utakatifu ulio mlango wa jirani.

Kama mtu ataona mifano hiyo ni midogo, tumtazame kijana wa Goma, mashariki mwa Kongo, nchi ambako Kiswahili chetu husemwa: Floribert Bwana Chui. Hakuwa padre wala bruda. Alisomea sheria, akasali na Jumuiya ya Sant’Egidio, akawahudumia watoto wa mitaani, kisha akapata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa mpakani. Alipewa fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Alikataa, kwa sababu chakula kile kingeliwa na watu maskini. Mwaka 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenyeheri. Angalieni: msomi, mtumishi wa ofisi, mwenye mhuri mkononi. Imani yake ilionekana pale alipokataa kuugonga mhuri ule.

Hapa sasa tunafika kwenye jambo lenyewe, nalo ni chungu. Mara nyingi imani ya kijana haizimwi chuoni. Huzimwa na nyumbani. Yupo mzazi aliyeuza kahawa yake yote kumsomesha mtoto, na anastahili heshima. Lakini mzazi huyo huyo humtumia mtoto fedha kwa simu akijua kwamba ni za kununulia mtihani. Kijana akihitimu na kuajiriwa, ndugu humwendea mmoja mmoja. Huyu anataka mizani ya chama cha ushirika imwelekee. Yule anataka dawa ya zahanati bila kupanga foleni. Mwingine anataka jina la mwanawe liingizwe mahali pasipo haki. Kijana akikataa, husemwa: “Elimu imempa kiburi, amesahau kwao.” Yaani, akibaki mwaminifu chuo kimemharibu, akiwa mla rushwa tunamfanyia sherehe na kumpa kiti cha mbele kanisani! Ni nani basi anayemharibu mtoto?

Na ipo dawa ya uongo ambayo baadhi ya waamini wetu wameanza kuikimbilia. Wanabeba kalamu na vitambulisho vya mitihani kwa watumishi wanaouza mafuta ya upako, wakiahidiwa ufaulu. Kanisa nalo hubariki wanafunzi na kalamu zao, na ni vema. Lakini baraka si ujanja wa kuikwepa kazi. Kalamu iliyobarikiwa haisomi kitabu kwa niaba ya mwenye kalamu. Mungu hauzi alama. Anayemwendea ili azinunue, hata akipiga magoti usiku kucha, amemfanya Mungu kuwa msimamizi wa mitihani asiye mwaminifu.

Kwa hiyo tunaziomba jumuiya zetu zote, za mlimani na za mwambao, mambo manne. Kwanza, neno “vyuoni hakuna Mungu” likome. Pili, kijana arudipo likizo asipokewe kama mtuhumiwa. Aulizwe ni nani aliyemtendea wema huko, na yeye amemtendea nani. Mtashangaa kwa majibu mtakayoyapata. Tatu, apewe kazi. Awafundishe watoto wa Komunyo ya Kwanza, aweke sawa daftari la hesabu za jumuiya, aandae tafakari ya Injili, hata kama ana maswali. Nne, tunapochangia wanafunzi Wakatoliki wa TMCS na wahudumu wao wa kiroho vyuoni, tusitoe sarafu iliyobaki baada ya kuchangia harusi.

Kwenu wanafunzi mtakaosoma haya mkiwa Songea, Iringa, Mwanza au Dar es Salaam: msingoje kusifiwa ndipo muwe chumvi. Yule mama anayewakopesha chakula, mlipeni bumu linapoingia, kabla ya kununua kitu kingine chochote. Mfagizi mwamkieni shikamoo. Na siku mtakaposhika mhuri mkononi, mkumbukeni Mwenyeheri Floribert, hata kama atakayewaomba mhuri huo ni mjomba.

Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, utuombee. Mungu awabariki nyote, na juma jema.