Mabaharia wa Anga na Wasomaji Waliowaoza

Ndugu msomaji, msimulizi wa pwani hasimulii peke yake. Akisema "Paukwa!" hungoja aitikiwe "Pakawa!", na asipoitikiwa haendelei. Desturi hiyo ni ndogo, lakini inatufundisha kuwa hadithi ni mali ya watu wawili, yule anenaye na yule asikiaye. Huko Bwejuu, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kina mama huinama katika mashamba ya mwani tangu maji yapwe mpaka yaanze kujaa, hadithi moja yaweza kuanzwa na mtu na kumalizwa na mwingine, kisha wa tatu akaipinga na kushikilia kuwa yule kijana hakustahili hata kidogo kumpata yule binti.

Leo napenda tuzungumze juu ya wasikilizaji walioitikia kwa kalamu. Hao ni watu waliopewa hadithi ya chombo kisafiricho baina ya nyota, wakaona kuwa wenye hadithi wamewanyima jambo moja, nalo ni mapenzi baina ya mabaharia wa chombo hicho. Basi wakakaa chini wakayaandika wenyewe. Wala usidhani kuwa haya ni mambo ya Marekani yasiyotuhusu sisi. Mmoja wa mabaharia hao jina lake limetoka kinywani mwako.

Tarehe 8 Septemba 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha mchezo uitwao Star Trek. Chombo chao kiliitwa Enterprise, na nahodha wake James Kirk. Msaidizi wa nahodha alikuwa Spock, ambaye baba yake ni mtu wa sayari ya Vulcan na mama yake ni binadamu. Ofisa wa mawasiliano alikuwa mwanamke wa Kiafrika aitwaye Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Mwigizaji huyo alipata kueleza kuwa siku alipokwenda kufanyiwa majaribio alikuwa amechukua riwaya ya Robert Ruark ihusuyo Kenya, nayo iliitwa "Uhuru". Mwanzilishi wa mchezo, Gene Roddenberry, akalipenda neno hilo, na mwisho wake ukageuzwa kuwa "a" ili lilainike na kumfaa mwanamke. Mswahili akisikia habari hii hana budi kutabasamu, maana lugha yetu haibagui maneno kwa kike na kiume. Uhuru ni uhuru, awe nao bibi au bwana.

Katika onyesho hilo la kwanza Uhura yuko kazini, amechoka, na anamtania Spock. Anamwomba amweleze jinsi sayari yake inavyopendeza jioni ya mwezi mpevu. Spock anamjibu kwa ukavu kuwa Vulcan haina mwezi, na Uhura anasema hashangai kusikia hivyo. Mtu wa Bwejuu angemhurumia Spock. Kwake yeye mwezi si pambo la wapendanao tu. Ni mwezi uletao bamvua, na wakati wa bamvua ndipo maji hupwa sana, vigingi na kamba za mwani vikaonekana, mama akaingia shambani. Sayari isiyo na mwezi ingemnyima mapenzi na riziki kwa pamoja!

Baadaye, katika onyesho lilelile, dubwana lifyonzalo chumvi miilini mwa watu linamwendea Uhura kwa sura ya mwanamume mweusi, nalo linamsemesha kwa Kiswahili. Lingefika Bwejuu wakati bahari imejaa lingeshiba chumvi bila ya kumdhuru mtu. Lakini tuache mzaha. Kiswahili kilipoingia katika chombo kile kiliingia kama lugha ya kubembelezea, na aliyebembeleza hakuwa mtu bali dubwana.

Jambo la pili latia uchungu zaidi. Tarehe 22 Novemba 1968 lilionyeshwa onyesho ambamo Kirk na Uhura wanabusiana. Wakati huo lilikuwa jambo zito, kwani ni mwaka 1967 tu Mahakama Kuu ya Marekani ilipozifuta sheria za majimbo zilizokataza ndoa baina ya weupe na weusi. Busu hilo limesifiwa miaka mingi, nami sipingi sifa zake. Lakini watazame wahusika wenyewe. Hawakubusiana kwa hiari yao. Walilazimishwa na watu wa sayari ngeni wenye nguvu za kuiendesha miili ya wengine. Mwanamke aliyepewa jina la uhuru hakupewa uhuru wa kuchagua ampendaye.

Basi ni ajabu gani ikiwa watazamaji walitoka na njaa?

Mwaka 1967 lilikuwa limekwisha kutoka Spockanalia, jarida la mashabiki lililoshughulika na mchezo huo peke yake. Mengine mengi yakafuata. Yalipigwa taipu nyumbani, yakarudufiwa kwa mashine za stensili, yakatumwa kwa posta kwa waliochangia gharama. Ndani yake mlikuwa na insha, michoro, mashairi na hadithi, na waandishi wake wengi walikuwa wanawake. Mchezo wenyewe ulikoma mwaka 1969 baada ya maonyesho 79, lakini majarida hayakukoma. Chombo kilikuwa kimeachwa na wenyewe, na abiria wakashika usukani.

Kwa nini wakaandika mapenzi, tena ya wafanyakazi wa chombo kimoja? Msomaji anayefanya kazi kiwandani, bandarini au hospitalini hahitaji kuelezwa. Watu wanaofanya kazi pamoja huonana katika uchovu na katika hatari. Huonekana ni nani mvivu, ni nani mkweli, ni nani atakayekushika mkono mambo yakiharibika. Baharia wa ngalawa hamjui mwenzake kwa maneno yake. Humjua siku tanga lilipochanika nje ya mwamba. Mapenzi yaotayo mahali kama hapo yana msingi ambao mwandishi haundi kwa sifa za macho na nywele. Pia yana hatari yake, kwani nahodha akimpenda baharia wake, nani atakuwa na hakika kuwa amri zake ni za haki? Hadithi zilizo bora za mashabiki zilisimama katika swali hilo.

Si zote zilizokuwa bora, na wasomaji hawakunyamaza. Barua zao zilichapishwa katika majarida hayohayo, nyingine za shukrani na nyingine kali kama pilipili. Mwaka 1973 mwandishi mmoja, Paula Smith, alichapisha kichekesho kifupi juu ya Luteni Mary Sue, mwenye umri wa miaka kumi na mitano na nusu, binti anayejua kila kitu, anayependwa na kila mtu chomboni, na anayekufa akililiwa na wote. Alikuwa akiwacheka waandishi wachanga ambao kila mara walijipachika wenyewe katika hadithi ili nahodha awapende. Kichekesho hicho kilistahili kuchekwa. Lakini jina la Mary Sue likageuka fimbo. Miaka iliyofuata, msichana yeyote hodari katika hadithi aliweza kuitwa kwa jina hilo, na wako waandishi waliokiri kuwa waliogopa kumwandika mwanamke shujaa wasije wakachekwa. Ndugu msomaji, dhihaka ni kama chumvi: ikizidi, chakula chote hutupwa.

Ubishi mkubwa ulihusu nani ampende nani. Kundi moja liliwaandika Kirk na Spock wenyewe kuwa wapenzi. Hadithi ya kwanza ya namna hiyo kuchapwa katika jarida la mashabiki ilitoka mwaka 1974. Wengine walipinga wakisema huo ni urafiki na usibadilishwe. Kisha ikaja filamu ya mwaka 2009 iliyoongozwa na J.J. Abrams. Humo Uhura, aliyeigizwa na Zoe Saldana, anaitwa kwa jina lake la kwanza, nalo ni Nyota, jina ambalo vitabu vilikuwa vimekwisha kumpa tangu miaka ya 1980. Na humo Uhura na Spock ni wapenzi.

Hapo mashabiki waligawanyika. Wako walioudhika kwa kuwa walikwisha mwoza Spock kwa mtu mwingine katika hadithi zao. Wako waliosema kuwa mwanamke mwenye elimu na cheo ameshushwa akafanywa mchumba wa mtu. Hoja hii ya pili si ya kupuuzwa. Lakini wanawake weusi wengi miongoni mwa mashabiki waliijibu kwa hoja nzito zaidi. Walisema kuwa mwanamke mweupe katika filamu huambiwa asiwe mchumba tu kwa sababu amefanywa mchumba mara elfu. Mwanamke mweusi amefanywa mtumishi, rafiki wa pembeni, na mtu mwenye nguvu asiyehitaji kubembelezwa. Kumwambia kuwa mapenzi yatamshusha hadhi ni kumnyima mara ya pili. Nyota aliweza kufanya kazi yake kwa ustadi, na akapendwa, na moja lisiliharibu jingine.

Mimi nawaunga mkono hao. Tusidhani kuwa watu walipigania upuuzi. Nichelle Nichols mwenyewe alieleza kuwa alitaka kuuacha mchezo baada ya mwaka wa kwanza, naye Martin Luther King akamsihi abaki, kwa kuwa watu weusi walikuwa wakijiona ndani yake. Mwaka 1992 Mae Jemison alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kufika angani, naye amesema wazi kuwa Uhura alikuwa miongoni mwa waliomtia hamu. Nichols alifariki mwaka 2022. Mtoto hutamani kuwa kile alichokwisha kukiona. Ikiwa hadithi yaweza kumfundisha binti kuwa anaweza kuongoza chombo, vilevile yaweza kumfundisha kuwa anastahili kupendwa kwa hiari yake.

Nasi je? Mtu asiseme kuwa kuchukua mhusika wa mwingine na kumpa maisha mapya ni ugeni kwetu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimwona Sherlock Holmes wa Waingereza na rafiki yake Watson, kisha akatupatia Bwana Msa na kiko chake, pamoja na sahibu wake Najum, watembeao Unguja na kusema Kiswahili safi. "Mzimu wa Watu wa Kale" kilichapishwa mwaka 1960, na vitabu vingine vikafuata hadi miaka ya 1980. Hakuna aliyemwita mwizi, kwa sababu alichokichukua alikirudisha kikiwa kipya. Na filamu ya "Awara" ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipopendwa katika majumba ya sinema ya Unguja, mjadala haukuishia mlangoni. Watu walitoka nao: je, kijana apewe ampendaye au achaguliwe na wazee? Waliokuwa wakiuliza hivyo hawakuwa wakisema habari za Bombay. Walikuwa wakisema habari za nyumba zao.

Ndiyo maana nawageukia wazazi. Katika nyumba nyingi, mjini na shamba, yuko binti aliyeficha daftari chini ya godoro. Ndani yake ameandika wahusika wa tamthilia aliyoiona kwa jirani au kwenye simu, amewapa mwisho mwingine, amemwoza daktari kwa muuguzi au rubani kwa mhandisi. Siku mama akiliona, neno la kwanza huwa aibu, na la pili huwa kiberiti. Nakuomba usifanye haraka. Soma kwanza. Huenda ukakuta humo swali ambalo mwanao hakuthubutu kukuuliza mezani: mtu mwema ni yupi, na atamjuaje? Ukilichoma daftari hulichomi swali. Atakwenda kulijibiwa kwingine, na huko huenda dubwana likamsemesha kwa Kiswahili kitamu.

Kuna mipaka, nayo yafaa kutajwa. Kwanza, mhusika si mwigizaji. Kumzulia mambo mtu aliye hai ni uchongezi, si hadithi. Pili, kuandika kwa kujifurahisha si sawa na kuuza mali ya mwenzio. Zanzibar ilitunga sheria ya hakimiliki mwaka 2003, na haki ya mtunzi ni jasho lake. Tatu, kila umri na kitabu chake, na mzazi ana wajibu wa kulisimamia hilo nyumbani.

Na kwa wasomaji wapendao kuandika barua za kukosoa, wahenga wamesema manahodha wengi chombo huenda mrama. Ukiona kosa, litaje kosa wala usimtaje ukoo wa mwandishi. Sema ni wapi mapenzi hayakuaminika, ni wapi amri ya nahodha haikuwa na maana, ni wapi binti amelia bila ya sababu. Barua kama hiyo hujenga mwandishi. Barua ya dhihaka hujenga ukimya, na ukimya haujapata kumfaa mtu.

Basi ukiliona lile daftari, lirudishe mahali pake. Ukipata nafasi mnapochambua mchele, muulize mwanao kwa sauti ya kawaida yule rubani ana tabia gani, na amemtendea nini yule mhandisi hata akastahili kupendwa. Atashtuka, kisha atasema. Akinyamaza katikati, usimkemee. Mwambie tu: "Ehe, ikawaje?"