Yule Msichana Naye Alikuwa Shabiki

Wapo wanachama waliotuuliza kwa nini gazeti la chama lijitie katika habari za kabumbu. Jibu letu ni fupi. Mpira wa kulipwa wa Uingereza umekwisha kuingia katika mabaraza yetu. Kila Jumamosi vibanda vya kuonyeshea mpira hujaa vijana wetu, na maneno wanayoyazoea huko juu ya wachezaji wanarudi nayo majumbani, kwa mama zao na kwa dada zao. Mengine ni ya mchezo tu, na hatuna ugomvi nayo. Lakini yapo ambayo hatuwezi kuyanyamazia, nayo ni yale yasemwayo kila mchezaji mwenye jina anapotuhumiwa kumkosea mwanamke au mtoto. Mchezaji hajaulizwa hata neno moja, na tayari msichana amekwisha hukumiwa: alifuata nini kule, anataka pesa, ametumwa na watani.

Tutaeleza habari ya mji mmoja, kwa kuwa yote yaliyotokea huko yalitoka hadharani mahakamani na hayana ubishi tena.

Sunderland ni mji wa wafanyakazi, kaskazini mashariki ya Uingereza. Zamani watu wake waliishi kwa kuunda meli na kuchimba makaa ya mawe, na uwanja wa mpira wa timu yao, uliofunguliwa mwaka 1997, umejengwa pale pale palipokuwa na mgodi. Watu wa namna hii hawapendi timu kwa ajili ya kujipitishia wakati. Timu ndiyo iliyowabakia. Mwaka 2012 kilabu ilimnunua Adam Johnson kwa pauni milioni 10, naye alikuwa amekwisha kuichezea timu ya taifa ya Uingereza mara 12. Watoto wa mji walimngojea nje ili awatilie sahihi fulana zao.

Mmoja wa watoto hao alikuwa msichana wa miaka 15. Mwanzoni mwa mwaka 2015 Johnson, mtu mzima wa miaka 27, alikuwa akimwandikia kwa simu, akamtilia sahihi fulana, kisha akataka alipwe kwa busu. Machi 2, 2015 polisi walimkamata. Kilabu ilimsimamisha, na baada ya wiki mbili na siku chache ikamrudisha uwanjani. Alishitakiwa, akakana, akaendelea kucheza karibu mwaka mzima. Mwezi wa Oktoba alifunga penalti katika mchezo na mahasimu wao Newcastle, Sunderland ikashinda 3 kwa 0, na mji ukashangilia. Februari 2016, kesi ilipofunguliwa mjini Bradford, alisimama akakiri makosa mawili. Kilabu ikamfukuza kesho yake. Juri ikamwona na hatia katika kosa la tatu, ikamwachilia katika la nne, na Machi 24 akahukumiwa kifungo cha miaka 6.

Sasa tutazame yaliyompata msichana. Ilielezwa mahakamani kwamba kwa muda wote ule ambapo Johnson alikuwa akikana, mtoto yule alitukanwa, akaitwa mwongo. Waliomtukana hawakuwa wageni. Walikuwa watu waliovaa fulana ile ile aliyoivaa yeye, maana yule msichana naye alikuwa shabiki wa Sunderland, na ni ushabiki huo huo uliomfikisha mbele ya mchezaji yule.

Tutaambiwa: mtu hana hatia mpaka mahakama iseme. Ni kweli, nasi tunalishika neno hilo kwa mikono miwili. Hatusemi kwamba watu wa Sunderland walikuwa na wajibu wa kumzomea mtu ambaye kesi yake haijasikilizwa. Tena wao wenyewe walifichwa. Mkuu wa kilabu, Margaret Byrne, alijiuzulu Machi 8, 2016, akikiri kwamba lilikuwa kosa kubwa kumwacha aendelee kucheza, hali yeye alikwisha kuziona karatasi za kesi. Shabiki wa kawaida hakuziona. Lakini neno lile la hatia halikuandikwa kwa ajili ya mchezaji peke yake. Anayesema tungoje mahakama, kisha hapo hapo akamwita mtoto mwongo, hajangoja kitu. Amekwisha kutoa hukumu, ila amempa asiyestahili.

Wengine husema kwamba shabiki husamehe kila kitu maadamu mchezaji anafunga mabao. Sisi tuliamini hivyo pia, mpaka tulipoona mambo ya mwaka 2022. Mwezi wa Februari mwaka huo picha zilionyesha Kurt Zouma, beki hodari wa West Ham, akimpiga paka wake teke na kofi. Kesho yake kocha alimpanga katika mchezo na Watford. Kila alipogusa mpira alizomewa, na si na Watford tu, bali na watu wa West Ham wenyewe, ingawa timu yao ilishinda. Kilabu ikamtoza pauni 250,000, na mwezi wa Juni mahakama ikamwamuru kufanya kazi za jamii saa 180 bila malipo na kumkataza kufuga paka kwa miaka 5.

Hatumtetei. Mwenzake katika timu, Michail Antonio, aliuliza wakati ule kama kosa lile lilikuwa baya kuliko kumbagua mtu kwa rangi yake, na swali hilo lilistahili kujibiwa zaidi kuliko lilivyojibiwa. Sisi twauliza la kwetu. Watu wa West Ham waliwezaje kumzomea mchezaji wao wa kutegemewa? Waliweza kwa sababu walimwamini aliyepigwa. Paka hawezi kuambiwa mwongo. Hakuna aliyemwuliza alivaa nini, wala alikuwa wapi usiku ule, wala nani amemtuma. Basi kumbe uwezo wa kumkatalia mchezaji mpendwa upo, na mashabiki wanao. Kinachokosekana ni kumpa mtoto wa mtu imani ile iliyopewa paka.

Na vilabu husikia pale panapouma. Oktoba 2020 kilabu ya Santos ya Brazili ilimrudisha Robinho, hali mahakama ya Milan ilikwisha kumhukumu mwaka 2017 kifungo cha miaka 9 kwa kushiriki kumbaka mwanamke pamoja na wenzake. Kelele zikapigwa, wafadhili wakatishia kuondoa fedha zao, na katika muda wa siku sita mkataba ukasimamishwa. Aliingia gerezani Machi 2024. Fedha ya wafadhili, ndugu zetu, hutoka katika mifuko ya watu wanaonunua fulana na kulipa kiingilio.

Wiki hii au wiki ijayo jina jingine kubwa litatajwa, pengine la timu tuipendayo sisi. Kijana atasimama katika kibanda aseme kwamba msichana anatafuta pesa. Mwanachama aliyeketi karibu naye amwulize, kwa upole na mbele ya watu, amezisoma wapi karatasi za kesi. Kisha amwulize kama angesema maneno hayo hayo iwapo aliyeshitakiwa angekuwa mchezaji wa watani.