Nyumba bila plafoni haijaisha

Wasikilizaji wetu wa Likasi, na ninyi jamaa mliokimbia makwenu mkafikia Kikula, Panda ao Shituru, leo nataka tuzungumze juu ya nyumba.

Kila mara mradi wa kujenga ukiisha, tunasikia hesabu: nyumba kadhaa zimesimama, zina kuta, mlango na manjanja. Raia wanapiga makofi, wakubwa wanakata utepe. Swali moja haliulizwi: mtu akiingia humo, ataweza kulala?

Mji wetu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya usiku inaingia hadi kwenye mifupa. Mwezi wa kumi, kabla mvua haijashika, ni jua. Baada ya tarehe 20 ya mwezi huo, jua la mchana linasimama karibu kabisa juu ya vichwa vyetu. Halipigi ukuta sana, linapiga paa. Na paa yenyewe ni karatasi nyembamba ya chuma.

Mtaalamu mmoja wa Denmark, Ole Fanger, alitoa kitabu mwaka 1970 juu ya namna mtu anavyosikia joto na baridi ndani ya nyumba. Alionyesha kwamba joto la hewa ni jambo moja tu kati ya 6. Mengine ni joto la kuta na paa zinazotuzunguka, mwendo wa hewa, unyevu, nguo tulizovaa, na kazi tunayofanya. Wamama wanaopika chini ya manjanja wanajua hilo bila kitabu. Ventilateri inazunguka, lakini kichwa bado kinaungua, kwa sababu chuma kilichopata moto kinamrushia mtu joto kama mbabula iliyoning'inizwa juu yake. Usiku wa baridi ni kinyume: chuma hicho kinapoa haraka na kumnyang'anya mtu joto la mwili wake.

Kuna wanaosema kwamba mambo ya kuokoa nguvu ya umeme ni ya watu wa Ulaya, kwamba familia iliyohama haitumii umeme, basi haina cha kuokoa. Mimi nakataa. Familia hiyo inanunua makala. Nyumba ikishindwa kushika joto, makala yanaongezeka kila usiku, na miti ya pori letu inaisha. Nyumba isiyo na waya wa SNEL bado inaweza kuwa nyumba inayokula nguvu nyingi.

Tena kuna hatari kubwa kuliko pesa. Watu wanaingiza mbabula chumbani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Makala yanatoa gesi ya monoksidi ya kaboni, ambayo haionekani wala hainuki. Inaua watu wakiwa usingizini. Mbabula itoke nje kabla ya kulala, hata kama baridi ni kali.

Umeme nao si wa kutegemea. Mabwawa ya Mwadingusha na Koni yako jirani, kwenye mto Lufira, lakini delestaji tunaijua sote. Nyumba ambayo haikaliki bila klima si nyumba ya Likasi.

Suluhisho liko karibu nasi. Angalieni nyumba za zamani za katikati ya mji, toka enzi ya Jadotville: kuta nene za matofali, plafoni ya juu, barza inayozuia jua lisiguse ukuta, mwembe mbele ya parseli. Kule Harare, mji wa mwinuko kama wetu, mwaka 1996 lilifunguliwa jengo kubwa la Eastgate. Mchoraji wake, Mick Pearce, aliangalia vichuguu vya mchwa. Kuta nzito zinanywa joto mchana, na hewa ya usiku inazipoza, bila klima ya kawaida. Sisi tunavunja vichuguu kutengeneza matofali, lakini somo la kichuguu hatujalichukua.

Najua jibu la wenye miradi: plafoni ni pesa, na kwa pesa hiyo familia nyingine ingepata nyumba. Ni jibu zito, maana atakayebaki nje ni mtu mwenye watoto. Lakini kabla ya kupunguza plafoni, punguzeni rangi ya mapambo na mabango makubwa yenye majina ya mradi. Plafoni ya mikeka ao matete hailingani bei na ya mbao. Manjanja yaliyopakwa chokaa nyeupe yanarudisha sehemu kubwa ya jua, na jiwe la chokaa tunalo hapa hapa Kakontwe. Madirisha mawili yanayotazamana hayana bei kubwa kuliko mawili yaliyo upande mmoja. Kugeuza upande mrefu wa nyumba uangalie kaskazini, ili jua la mwezi wa sita liingie, hakuna bei kabisa. Ni kuamua tu kabla ya kuchimba msingi.

Kwa familia zilizo tayari ndani: mifuko ya unga iliyofumuliwa na kushonwa pamoja, ikatandazwa chini ya manjanja huku nafasi ya hewa ikibaki kati, inasaidia mchana na usiku. Iwe mbali na mshumaa na moto. Na pandeni mti upande wa magharibi.

Kwa maburgumestre, wenye nyumba za kupangisha na mashirika, ombi langu ni moja. Msipokee nyumba asubuhi ya kukata utepe. Ingieni mchana wa mwezi wa kumi, mfunge mlango, mkae humo saa moja. Mkishindwa kukaa, fundi arudi kazini.