Mazungumzo ya Mwalimu: Pambo la Noeli na Mgeni wa Mlangoni

Majilio yanakaribia mwisho, na katika kila jamaa ya kikristu hapa Bukavu watu wameanza kuulizana: "Noeli ya mwaka huu tutaifanyaje?" Baba ahesabu franka zilizomo mfukoni. Mama atazama makala yaliyobaki na unga uliomo katika mfuko. Watoto nao wamekwisha kuona madukani taa za rangi na miti ya plastiki, nao warudi nyumbani na swali moja: "Baba, na sisi je?"

Swali hilo la mtoto ni dogo, lakini limewaingiza wazazi wengi katika deni. Nami ni mmojawapo. Leo nataka kuwaeleza kosa langu mwenyewe, kisha tujifunze pamoja namna ya kupamba nyumba na kukaribisha wageni kwa vitu vilivyo karibu nasi.

Miaka michache iliyopita nilitaka Noeli yangu isemwe katika mtaa mzima. Mshahara haukutosha. Basi nilikwenda kwa mkopeshaji nikatwaa dola 100, kwa ahadi ya kurudisha 130 mwisho wa Januari. Nilinunua mti wa plastiki, taa za umeme za rangi nne, kreti za bia na za limonadi. Kulipoanza kuingia giza tukawasha taa, na wageni wote wakasema, "Aa, Mwalimu!" Moyo wangu ukajaa majivuno. Haikupita nusu saa, umeme ukakatika, kama ilivyo kawaida ya mji wetu. Tulikula kwa mwanga wa mshumaa mmoja, na ule mti wa bei kubwa haukuonekana tena.

Januari ikafika, na mkopeshaji akafika pamoja nayo. Nilimlipa kwa fedha iliyokuwa ya minervali ya binti yetu wa shule ya sekondari. Mimi niliye mwalimu, ninayesoma darasani majina ya wanafunzi wanaorudishwa nyumbani, nilimwona binti yangu mwenyewe akirudi na daftari zake kabla ya saa nne ya asubuhi. Hakusema neno. Aliutazama tu ule mti uliosimama bado pembeni mwa sebule, kisha akaenda kumsaidia mama yake kuchota maji.

Lakini kuna jambo la pili, nalo liliniumiza zaidi. Karibu nasi anakaa mjane mzee, ambaye watoto wetu humwita Koko. Kila mwaka alikula nasi sikukuu. Mwaka ule hakuonekana. Nilipomwuliza sababu, alijibu kwa upole: "Mwalimu, nilifika mpaka mlangoni pako. Nikaona vile vitu vinang'aa, na wageni wamevaa vizuri. Nikatazama viatu vyangu vyenye matope, nikarudi."

Wapenzi, fikirini neno hilo. Mtakatifu Luka atueleza kwamba Maria na Yosefu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Miaka yote nimewafundisha watoto habari hiyo, nikimlaumu yule mwenye nyumba wa Betlehemu. Siku ile nilitambua kuwa mimi mwenyewe nilikuwa yeye. Sikumfukuza Koko kwa mdomo, pambo langu ndilo lililomfukuza.

Tangu siku ile nimeshika kanuni moja: pambo la Noeli lipimwe kwa mgeni maskini. Likimkaribisha, ni zuri, hata likiwa la karatasi. Likimwonea haya, ni baya, hata likiwa la dhahabu.

Kanuni hiyo si yangu peke yangu. Mwaka 1223 Mtakatifu Fransisko wa Asizi alikuwa karibu na kijiji cha Greccio, nchini Italia. Alitaka watu waone kwa macho umaskini ambamo Bwana wetu alizaliwa. Siku chache kabla ya Noeli alimwomba rafiki yake, jina lake Giovanni, atayarishe hori, majani makavu, ng'ombe na punda. Usiku ule watu wa kijiji walikuja na mienge na mishumaa, na misa ikasomwa penye hori lile. Hapakuwa na sanamu wala kitu cha kununua kwa gharama. Mapambo yalikuwa majani ya mifugo, nayo yalikuwa ya kila mtu. Marehemu Papa Fransisko aliandika barua juu ya pango la Noeli, akaitia sahihi kulekule Greccio tarehe 1 Desemba 2019, akizihimiza jamaa zote ziendelee kulitengeneza nyumbani kwa vitu vyo vyote walivyo navyo.

Basi mwaka uliofuata hatukukopa. Watoto walikwenda kwa Koko wakamwambia: "Koko, tunataka kujenga pango la Noeli, lakini hatujui kusuka magome ya mgomba. Utufundishe." Mzee huyo aliyerudi mlangoni kwa haya, sasa aliingia nyumbani kama mwalimu. Alikaa mkekani siku tatu, na watoto kumi wamemzunguka. Siku ya sikukuu hakuna aliyehitaji kumwalika, kwa maana pambo lilikuwa lake.

Nanyi mwaweza kufanya vivyo hivyo. Haya ndiyo tuliyoyafanya.

Kwanza, gundi. Twaa vijiko 2 vya unga wa muhogo, uvichanganye na nusu kikombe cha maji baridi mpaka pasiwe na vidonge. Mimina katika kikombe 1 cha maji yanayochemka, ukikoroga bila kuacha, mpaka uji uwe mzito na kung'aa. Uache upoe. Tengeneza ya siku moja tu, kwa sababu huchacha upesi, na mende huipenda.

Pili, minyororo ya karatasi. Zikusanye daftari za miaka iliyopita zilizoandikwa zikajaa. Kata vipande vyenye urefu wa sentimita 15 na upana wa sentimita 3. Gundisha kimoja kiwe pete, pitisha cha pili ndani yake, ukigundishe, na kadhalika. Vipande 100 hivi vyatosha mnyororo wa mita 4. Ukitaka rangi, chovya karatasi katika maji ya manjano, au katika maji yaliyochemshwa na lengalenga nyekundu, kisha uianike kabla ya kukata. Tena, mtoto akiona hesabu zake za mwaka jana zimening'inia juu ya meza, hucheka na kukumbuka alikotoka.

Tatu, nyota. Twaa katoni ya sabuni, ukate pembetatu mbili zenye pande sawa, kila upande sentimita 30. Weka moja juu ya nyingine, ya kwanza ncha yake ikielekea juu, ya pili ikielekea chini. Hapo utaona nyota ya ncha 6. Ifunike kwa karatasi ya kung'aa iliyomo ndani ya paketi za majani ya chai. Itundike juu ya mlango, upande wa nje, chini ya paa, ili mvua ya Desemba isiiharibu. Mlangoni ndipo mahali pake, kwa maana kazi ya nyota ni kuwaonyesha wageni njia.

Nne, pango. Kuta zake ni katoni, paa lake ni magome makavu ya mgomba yaliyosukwa. Sanamu hufinyangwa kwa udongo wa mfinyanzi. Zikaushwe polepole kivulini kwa siku 4 au 5, kwa sababu jua kali huzipasua. Kila mtoto apewe mtu wake wa kufinyanga: huyu mchungaji, yule kondoo, mwingine Yosefu. Wetu mmoja alimfinyanga mchungaji mwenye kubeba makala kichwani kama wamama wa Kadutu. Sikumkataza. Nadhani wachungaji wa Betlehemu walikuwa watu wa namna ileile.

Tano, majani. Hapa nawaomba, hasa ninyi wanafunzi: msikate mti mchanga kwa ajili ya sikukuu ya siku moja. Mji wetu umejengwa juu ya vilima vyenye mteremko mkali, na mizizi ya miti ndiyo inayoushika udongo wakati wa mvua. Mahali palipokatwa miti, udongo huteremka pamoja na nyumba za watu. Tafuta matawi yaliyoanguka au yaliyopunguzwa, ya mikaratusi au ya miseda, uyasimamishe katika kopo lenye mawe na maji. Yatanukia nyumba nzima.

Sita, mwanga. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, zimepandana ukuta kwa ukuta. Moto wa nyumba moja waweza kuteketeza mtaa. Kwa hiyo usiweke mshumaa karibu na karatasi wala juu ya pango. Twaa kopo tupu la maziwa, ulitoboe matundu kwa msumari kama mfano wa nyota, utie mchanga chini, na mshumaa usimame ndani ya mchanga huo. Mwanga utapita katika matundu na kucheza ukutani. Ndoo ya maji iwe karibu, na mtu mzima asitoke chumbani mshumaa ukiwaka. Mwenye taa ya jua aitumie hiyo, ni salama zaidi.

Sasa juu ya karamu yenyewe. Chagueni mchana wa tarehe 25, baada ya misa, ili wageni wafike kwao kabla ya giza. Njia zetu za usiku mwazijua. Mwenye nyumba asibebe mzigo wote peke yake. Katika shirika letu tulipatana mapema: huyu alete makala, huyu maharagwe, huyu sombe, na huyu sambaza. Samaki hao wadogo, walioletwa katika ziwa Kivu kutoka Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, wamekuwa nyama ya wengi, wala si aibu kuwaandalia wageni. Ikiwa kikundi chenu cha akiba chagawana fedha mwisho wa mwaka, weka kwanza kando minervali ya Januari, uifunge katika bahasha yenye jina la mtoto. Kinachobaki ndicho cha sikukuu. Ninyi wababa, nisameheni nikisema: mara nyingi kinachomaliza fedha ya Noeli si chakula cha watoto, bali chupa zetu.

Na mgeni asiye na kitu cha kuleta, mpe kazi yenye heshima. Mzee abariki chakula. Mjane aeleze Noeli za utoto wake. Kijana apige ngoma. Mtu aliyepewa kazi hukaa kwa raha, lakini mtu aliyepewa sahani tu huona haya. Watoto nao wacheze mchezo mfupi wa wachungaji mbele ya pango walilolijenga.

Labda mtu atasema: "Mwalimu, wakati huu si wa kupamba. Tumeteseka mno." Neno lake si la kudharau. Noeli nyingi zimeukuta mji wetu mikono ikiwa mitupu. Mkesha wa Noeli ya mwaka 1999, wakati wa vita, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko aliwaandikia waamini wa Bukavu ujumbe wa kuwafariji, akataja waziwazi mateso yao. Kwa ajili ya maneno yale alizuiwa Februari 2000 kurudi kwetu, akapelekwa Butembo hata Septemba. Alifariki Roma tarehe 4 Oktoba mwaka uleule. Tena Februari 2025 mji uliingia mikononi mwa M23, mabenki yakafunga milango, na jamaa nyingi zikakosa mshahara. Hayo yote ni kweli. Lakini kwa sababu hiyohiyo nasema: tupambe. Mtoto aliyesikia risasi apaswa kusikia pia nyimbo. Mikono iliyofunga mizigo ya kukimbia ifinyange sasa kondoo wa udongo. Furaha ya namna hiyo haidharau mateso ya mtu, wala haimwachii ye yote deni la kulipa Januari.

Ule mti wangu wa plastiki ungali nyumbani, juu ya kabati, umefungwa katika gunia. Binti yetu, ambaye sasa amemaliza shule, aliniuliza siku moja kwa nini siuuzi. Nikamjibu kwamba nauweka ili unifundishe. Akacheka, akasema: "Basi, Baba, hiyo ni minervali yako."

Wasomaji wapenzi, leo jioni, kabla ya kuhesabu fedha, ketini pamoja, wazazi na watoto, mkaulizane swali moja: katika mtaa wetu, ni nani anayeweza kufika mpaka mlangoni petu akarudi? Mtu huyo akipatikana, nendeni kwake kesho, mkamwombe awafundishe kitu.

Nawatakieni ninyi nyote Noeli yenye amani.

Mwalimu wenu