Mlimani City: Ardhi yako, mkataba wa nani?

KIJANA wa Manzese, wa Tandale, wa Sinza kwa Remmy, leo nakuuliza wewe. Jumamosi jioni unavaa shati lako la mtumba lililopigwa pasi, unapanda daladala, unashuka Mlimani City. Unaingia ndani kula kiyoyozi. Hununui hata maji, maana chupa ya mle ndani ni nauli yako ya kurudia. Unatazama vioo, mnapiga picha na wenzako, mnatoka. Je, umewahi kujiuliza umesimama juu ya ardhi ya nani?

Ardhi ile ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na Chuo Kikuu ni cha nani? Cha umma. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, na Rais ni mdhamini tu. Kwa hiyo ukipita mlango ule wa vioo na mlinzi akakukagua mfukoni kama mwizi, kumbuka kwamba anayekaguliwa ni mmoja wa wenye shamba!

Tuanze mbali kidogo, maana bila historia tutadanganywa. Chuo kile kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU pale Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia kilimani. Kilipewa eneo kubwa, misitu na mabonde, kwa hesabu ya vizazi vijavyo. Pale ndipo alipofundisha Walter Rodney, yule mwanazuoni wa Guyana ambaye mwaka 1972 alitoa kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Vijana wa wakati ule walikesha wakibishana ubeberu ni nini. Wazee wako, waliokuwa wakipanga foleni ya sukari kwenye duka la kaya, waliambiwa wavumilie, nchi inajengwa.

Baadaye ikaja ruksa. Mwaka 1984 milango ya biashara ikaanza kufunguliwa, mwaka uliofuata Mzee Mwinyi akaingia Ikulu, mitumba ikamwagika, maduka ya RTC yakafa moja moja. Mwaka 1991 wakubwa wakakutana Zanzibar wakajiruhusu kumiliki hisa na nyumba za kupangisha, Azimio la Arusha likazikwa bila tanga. Sikatai soko huria, msinielewe vibaya. Foleni za sukari hakuna anayezililia. Ninachouliza ni hiki: mali ya umma ilipoanza kuingia sokoni, nani alikuwa anaandika mikataba, na wewe ulikuwa wapi?

Mwaka 2004 Chuo kikatia saini na Mlimani Holdings, kampuni ya mwekezaji kutoka Botswana. Mkataba wa miaka 50. Mwekezaji alete fedha, ajenge maduka, ukumbi wa mikutano na ofisi. Chuo kitoe ardhi. Malipo ya Chuo ni asilimia 10 ya mapato ghafi. Mwaka 2006 milango ikafunguliwa. Dar es Salaam ilikuwa haijawahi kuona kitu kile: maduka chini ya paa moja, ubaridi mchana kutwa, sinema, na maegesho ya magari mapana kuliko viwanja vyetu vya mpira. Leo jengo liko chini ya Turnstar Holdings, kampuni iliyoorodheshwa katika soko la hisa la Gaborone, ambayo pia inamiliki Game City ya huko huko Gaborone. Mwenye hisa wa Botswana akitaka kujua jengo la Sam Nujoma limeingiza kiasi gani, anasoma taarifa ya mwaka. Wewe wa Manzese unasoma wapi?

Nitakuwa mkweli, maana gazeti la mageuzi likianza kudanganya halina tofauti na yale mengine. Asilimia 10 ya mapato ghafi si mzaha kama wengi wanavyodhani. Mapato ghafi maana yake mgawo unakatwa kabla ya gharama. Mwekezaji hawezi kumwambia mwenye ardhi kwamba mwaka huu umeme umekula faida yote. Na Chuo hakikutoa matofali. Mwaka 2004 vyuo vyetu vilikuwa hoi, mabweni yamejaa, wanafunzi wakilala wawili wawili kitanda kimoja, ule mtindo tulioubatiza "kubebana". Mwenye njaa hajadili bei kwa ukali.

Lakini piga hesabu mwenyewe. Katika kila shilingi 100 ya kodi inayokusanywa mle, 10 zinapanda kilimani na 90 zinabaki kwa mwekezaji. Kwa hizo 90 analipa mikopo yake, umeme wake na walinzi wake, sawa. Mikopo ya ujenzi ikiisha je? Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa saini atakuwa na miaka 50 mkataba ule ukifika mwisho wake. Kijana aliyekuwa na miaka 20 atakuwa mzee wa 70, akiwa hai. Hiki si kibanda cha kukodi kwa mwezi, ndugu yangu. Ni maisha yote ya mtu!

Kamati za Bunge zimeuhoji mkataba huo, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu naye aliandika kwamba hoteli ya nyota 3 na bustani ya mimea, vilivyokuwemo kwenye makubaliano, havikuwa vimejengwa. Watu wakapiga meza bungeni, magazeti yakauza siku mbili, kisha kimya. Ndivyo tulivyo. Tunachachamaa kama soda, povu likitoka tunanyamaza.

Tazama pia waliopita mle ndani. Kwanza Shoprite ya Afrika Kusini, mwaka 2014 ikauza kwa Nakumatt ya Kenya na kuondoka. Nakumatt nayo ikafilisika, rafu zikabaki tupu. Game, ya Afrika Kusini vilevile, ikafunga mwaka 2022. Barabara inayopita mlangoni ina jina la Sam Nujoma, ambaye chama chake cha SWAPO kilikuwa na makao yake hapa Dar es Salaam miaka ile tulipojinyima kwa ajili ya ukombozi wa Kusini. Uhuru wa Kusini ulipopatikana, mitaji yake ikapanda kuja kwetu kutafuta faida, na ilipoikosa ikafunga mizigo. Makeshia na wapanga rafu walibaki kituoni Mwenge na barua za kuagwa. Jengo halikuyumba, mpangaji mwingine aliingia. Mwenye jengo halali njaa, anayelala njaa ni mwenye fulana ya kampuni.

Sasa teremka barabara hiyo hiyo kuelekea Ubungo, ufike Simu 2000. Pale wenzako wanauza viatu, chipsi na vocha, wamejijengea meza kwa mbao zao. Mwaka 2024 waliposikia eneo linapewa mradi wa mabasi ya mwendokasi, iliwabidi wafunge biashara na kuandamana ndipo wasikilizwe. Wao hawakuwa na mkataba wa miaka 50. Hawakuwa na hata wa miezi 50. Walikuwa na risiti za ushuru. Barabara moja, ardhi ya umma pande zote mbili, mmoja kapewa nusu karne kwa wino, mwingine anaamka kila asubuhi akisikiliza kama buldoza limewashwa.

Wataniambia, mbona machinga walijengewa jengo lao Ilala? Ndiyo, Machinga Complex, lilikamilika mwaka 2010 kwa mkopo wa NSSF. Ghorofa kwa watu ambao biashara yao ni kumfuata mteja njiani! Vizimba vikakaa vitupu, deni likavimba. Yule wa Mlimani aliulizwa anataka jengo la namna gani. Machinga aliletewa la kwake limeshachorwa.

Basi usiishie kupiga picha. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Raia anaandika barua, ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Andika jina lako, andika kwamba unaomba kuona mkataba wa mwaka 2004 pamoja na marekebisho yake yote, na jumla ya fedha ambazo Chuo kimepokea kila mwaka tangu 2006. Uliza hoteli iko wapi. Uliza bustani iko wapi. Wakisema ni siri ya biashara, waombe waandike hivyo hivyo kwa karatasi, na mhuri juu yake, kisha uilete hapa gazetini tuichape.

Ukimaliza kiyoyozi Jumamosi hii, vuka barabara uulizie njia ya kwenda Utawala, juu kabisa kilimani. Jumamosi watakuwa wamefunga. Rudi Jumatatu.