Mtoto anaogopa giza, taa iwake usiku kucha?

Mtoto wa miaka mitano akibanwa na haja saa nane usiku, ana njia mbili: amwite mama au akojoe kitandani. Swichi ya korido haifikii, na giza analiogopa. Ndiyo maana nyumba nyingi huacha taa ya korido ikiwaka hadi asubuhi, kisha baba anauliza kwa nini Luku inaisha haraka.

Siku hizi madukani kuna taa za sensa (si ile ya kuhesabu watu). Mafundi wengine huiita kihisi mwendo. Nyingi ndani yake zina kifaa kinachohisi joto la mwili. Mtu akipita mbele yake, joto linahama, taa inawaka. Akiondoka, inasubiri muda uliopangwa kisha inazima.

Tuanze na hesabu, maana wauzaji hapa hutia chumvi. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 12 kila usiku hutumia uniti 3 na kidogo kwa mwezi. Ikiwekewa sensa, ikawaka jumla ya saa moja kwa usiku, itatumia kama robo uniti, na sensa yenyewe nayo hula kidogo. Kwa uniti mbili na ushee hakuna sababu ya kukimbilia dukani. Taa ya uani ya wati 50 ni habari nyingine: usiku kucha inakula uniti 18 kwa mwezi, na sensa inaweza kuishusha hadi mbili hivi.

Ndani ya nyumba, basi, faida kubwa haiko kwenye Luku. Iko kwa bibi ambaye hatajikwaa kwenye ngazi, na kwa mtoto anayejifunza kwenda chooni bila kuamsha mtu.

Wengi hukosea mahali pa kuifunga. Sensa humwona haraka anayekatiza mbele yake, si anayeijia moja kwa moja. Kwa hiyo ifungwe mahali ambapo mtoto akitoka tu mlangoni atakatiza, urefu wa mita 2 hadi 2.5. Isitazame jiko, feni ya AC wala dirisha lenye pazia linalopepea, la sivyo itawaka yenyewe na kumtisha mtoto kuliko giza. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, joto la chumba likikaribia joto la mwili, sensa huwa nzito kuona. Usiirudishe dukani kwanza. Ongeza uwezo wake au isogeze karibu.

Nyingi zina vitufe vidogo vya kuzungusha. TIME ni muda wa kuwaka, LUX ni kiasi cha giza kinachoiruhusu kuwaka, SENS ni ukali wa kuhisi. Kwenye korido dakika moja inatosha. Chooni weka tano au zaidi, kwa sababu mtoto aliyekaa ametulia haonekani na sensa, taa itamzimikia akiwa katikati ya shughuli. Ukisikia kilio, usimcheke.

Chagua mwanga wa manjano, usio mkali. Mweupe wenye ubluu humfanya mtoto achangamke, na kumrudisha usingizini saa tisa usiku ni kazi.

Kama LED inapepesa au inabaki na mwanga hafifu hata ikizimwa, mara nyingi sensa ni ile ya nyaya mbili, iliyotengenezwa kwa balbu za zamani. Fundi umeme aweke ya nyaya tatu. Asiyetaka kugusa nyaya anunue balbu yenye sensa ndani yake, au taa ndogo ya kuchaji inayobandikwa ukutani.

Ila hizo ndogo zikaguliwe kabla ya kulipia. Baadhi, hasa zinazokuja na rimoti, hutumia betri bapa ya duara kama kifungo. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kumuunguza kwa ndani kwa muda usiozidi saa mbili. Nunua ile ambayo kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu. Ukishuku amemeza, usimtapishe wala kusubiri itoke chooni; mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na uchukue rimoti ili daktari aone aina ya betri.