"Presha Imepanda": Neno Linapomponza Mgonjwa

Aghalabu mgonjwa huingia zahanatini akilalama: "Daktari, presha imepanda." Kauli hiyo ina hatari yake. Kilichopanda hutarajiwa kushuka. Basi kichwa kikiacha kuuma, vidonge huwekwa kando hadi "ipande" tena. Ilhali maradhi haya mara nyingi hayana dalili yoyote. Hutambuliwa kwa kipimo kinachofungwa mkononi, 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku tofauti. Na anayeandikiwa dawa huzimeza kila siku, kichwa kiume kisiume. Chumvi ipunguzwe pia. Akiziacha kiholela, kiharusi humnyemelea, figo na moyo navyo hudhurika.

Wanaistilahi walitupa "shinikizo la damu", wakaridhika. Nani hulitamka kwenye foleni ya zahanati? La kamusini halikumfikia mgonjwa, la mtaani likampotosha. Muuguzi akisema "presha imeshuka", mgonjwa husikia kwamba amepona; akisema "dawa ndiyo inayoituliza", husikia kwamba arudi kuichukua. Tofauti ya namna hii wanafunzi wa Kiswahili wangeigundua mapema lau wangeketi kwenye benchi la zahanati wakasikiliza, kabla ya kubuni istilahi ya tatu.